Kofia ya Mlingoti

Walikuja na vipande vitatu vya chuma, bendera moja na matarumbeta manne. Sechelela aliwatazama kutoka mlangoni mwa kibanda cha mtambo, mikono kiunoni, akajisemea kwamba watu wanaokuja kutengeneza kitu huja na spana.

Injinia Godlove Mwasomola alishuka wa mwisho kwenye behewa. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Kuvaa viatu vyeupe kwenye mbuga ya chumvi si kosa, kwa sababu mtu akitoka hapo kila kiatu kinakuwa cheupe, ila alivitazama kwa huruma kila alipopiga hatua, kama mzazi aliyempeleka mtoto shule mbaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo mavyuma ni ya nini?"

"Nyongeza. Mita sabini na tano. Mlingoti wako sasa utakuwa na mita mia mbili ishirini na tano. Hautakuwapo mrefu kama huu katika kanda nzima."

"Kwani uliugua lini mpaka upewe dawa ya kurefuka?"

"Kamishna anasema ukiwa mrefu utafika mbali zaidi."

"Kamishna ana shingo fupi," alisema Sechelela. "Namwelewa."

Ulikuwa mwaka wa thelathini na nane tangu vyuma vya angani vigongane vyenyewe kwa vyenyewe na kunyesha vipande mwezi mzima, simu za mfukoni zikabaki vioo vya kujitazamia meno. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba duniani kuna kitu kinaitwa mlingoti: chuma kimoja kimesimama wima juu ya kauri, nyaya zimekishika pande tatu, na chini ya udongo nyaya nyingine mia na ishirini za shaba zimefukiwa kuelekea kila upande. Sechelela alizijua zile mia na ishirini mojamoja. Alizichimbia mitaro kwa jembe alipokuwa na miaka ishirini, kabla hajapewa spana, na kabla hajapewa ufunguo wa kibanda.

Kazi ya mlingoti ilikuwa moja. Baada ya ukame ule mkubwa, Mamlaka ya Mawimbi na Maji, ile anayoiongoza sasa Kamishna, ilifunga visima vyote vya wilaya kwa kufuli sikivu, ili watu wasiyamalize maji ya chini. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi mlingoti uliimba robo saa. Kisima kilichousikia wimbo kilifunguka mpaka jioni. Kisichousikia kilibaki kimefungwa mpaka kesho yake. Aliyebuni kufuli hilo, nyumbani kwake alikuwa na bomba.

Visima vilikuwa arobaini na kimoja. Cha mbali kabisa kilikuwa Chinugulu, na mtunza kisima wa Chinugulu alikuwa Yaledi, dada yake Sechelela.

"Njoo jikoni," Sechelela alimwambia injinia. "Nakanda chapati. Mtu akiwa na njaa hafahamu kitu, na wewe hata ukishiba sina hakika."

Alichukua donge la unga akaliweka kwenye kibao.

"Wimbi letu lina mita ngapi?"

"Mia tatu," alisema Godlove.

"Na mlingoti?"

"Mia na hamsini. Nusu ya wimbi."

"Haya. Mlingoti ukiwa mfupi kuliko huo, sauti inatoka kama donge hili. Imevimba pembeni, imevimba na juu. Nusu yote inapotelea kwa ndege." Akalikandamiza donge kwa mpini wa kusukumia. "Ukifika nusu ya wimbi, umelisukuma. Chapati. Sasa inakwenda pembeni, inatambaa na ardhi, na ardhi yetu ina chumvi, inapenda kubeba. Ndiyo inayofika Chinugulu. Ukirefusha kidogo tena, bado ni chapati. Lakini ukirefusha kupita hapo..." Akabana unga kwa vidole viwili, akauvuta juu. Chapati ikaota pembe.

Godlove aliitazama ile pembe. "Chuoni tulichora hivyohivyo," alisema polepole.

"Mia mbili ishirini na tano ni robo tatu ya wimbi. Hiyo ni pembe tupu. Na pembe ikipanda inafika kwenye dari la anga, na alfajiri, kabla jua halijashika, dari lile bado linarudisha sauti chini. Sasa mtu wa Chinugulu anapata sauti mbili. Moja imekuja na ardhi, imekonda kwa sababu uliila ukaipeleka juu. Nyingine imezunguka na mbingu, imechelewa. Umewahi kuona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja?"

"Nimeona."

"Wakipokezana vizuri, mtama unalainika. Mmoja akichelewa, michi inagongana, na kinachopatikana ni matusi. Kufuli likisikia michi inagongana linakaa kimya. Unajua haya?"

"Najua, mama."

"Kamishna anajua?"

"Kamishna ni daktari wa utawala," alisema Godlove. "Na ameshatangaza."

Sechelela aliisukuma ile pembe kwa kidole gumba mpaka ikazama. Hakuwa anabahatisha. Miaka kumi na sita nyuma Mamlaka, kwa sababu inayojulikana na Mamlaka peke yake, ilifupisha wimbi mpaka mita mia mbili. Mlingoti haukuguswa, lakini mita mia na hamsini kwa mia mbili ni robo tatu ileile. Visima kumi na vinane vya pembezoni vilinyamaza siku tisa. Aliandika ripoti, wakamjibu kwamba imepokelewa. Lechipya, mume wa Yaledi, alitoka kwa miguu kutafuta maji. Alipatikana siku ya kumi, ndoo mbili tupu kando yake, zimesimamishwa vizuri, kama mtu aliyetaka kupumzika kidogo tu.

"Kula chapati yako," alisema. "Halafu nenda ukaone bendera kama haijachafuka."

*

Mafundi wa kupandisha vyuma walikuwa sita, na wote walimwogopa, jambo lililoonyesha kwamba walilelewa vizuri. Siku walipofika kwenye kiungo cha mita mia na hamsini, Sechelela alifunga kitenge juu ya suruali akapanda mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na magoti yake yalimlaumu kila ngazi. Chini, Injinia Godlove alimsindikiza kwa shingo.

"Hapa kwenye kiungo," alimwambia msimamizi wao, "vinakaa vikombe vitatu vya kauri kwanza. Ndipo mkalishe chuma chenu juu yake."

"Mama, mchoro hauonyeshi kauri."

"Mchoro haujawahi kupanda huku."

Wakaweka kauri. Ilikuwa kauri ileile ya akiba aliyoitunza stoo miaka mingi, imefungwa kwa kanga kuukuu. Umeme uliopanda kutoka chini ulifika mita mia na hamsini, ukaikuta kauri, ukaishia hapo kama ulivyozoea. Mita sabini na tano za juu zilisimama hewani peke yake, robo ya wimbi isiyoshikana na kitu, haiimbi wala haiitikii. Ilikuwa kofia. Mtu anaweza kuvaa kofia ndefu atakavyo, sauti yake haibadiliki.

Aliposhuka, Godlove alikuwa anapangusa kioo cha darubini.

"Mama, vile vyeupe pale juu ni nini?"

"Vikombe vya chai vya Kamishna."

Godlove alitazama tena, akatazama viatu vyake, akaishusha darubini. "Mimi sikuona kitu," alisema.

Kuna watu wanaosema uongo na kuna watu wasioona kitu. Sechelela aliwapenda zaidi waongo, maana mwongo angalau amefanya kazi.

Wiki mbili mlingoti uliimba na kofia yake, na kila asubuhi watunza visima arobaini na mmoja waliripoti kwa simu ya reli kwamba visima vimefunguka. Sechelela alilala vizuri. Alijiona mjanja, na kwa kweli alikuwa mjanja, na mtu mjanja hujisahau.

Siku ya kumi na tano Kamishna alipiga simu mwenyewe.

"Mama Sechelela, hongera sana," alisema Kamishna Mkumbukwa. Alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza huku anajitazama kwenye kioo. "Mlingoti mrefu kuliko yote, na hakuna kisima hata kimoja kilichokosa. Nilisema. Wataalamu walinong'ona, mimi nilisema. Sasa nimetia saini milingoti tisa iliyobaki ya kanda yote irefushwe hivyohivyo. Chuma kiko njiani."

Kwenye milingoti ile tisa hapakuwa na mtu mwenye kauri iliyofungwa kwa kanga.

"Mheshimiwa," alisema, "usirefushe. Mlingoti ukizidi hapo unaimbia mbinguni. Huku visima vinafunguka kwa sababu nyingine."

"Sababu gani?"

Hapo ulimi wake ulisita, na alijichukia kwa jinsi ulivyosita. Akisema kwenye simu kwamba kuna kauri, Kamishna angetuma watu kuitoa kimyakimya, yeye angefungwa kwa hujuma, na ile tisa ingerefushwa vilevile, maana saini ilishakauka.

"Ya kitaalamu," alisema.

"Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba, Mheshimiwa."

"Basi nafurahi tumeelewana. Nakuja Alhamisi alfajiri na waandishi wa habari, nipandishe bendera mwenyewe."

*

Simu ya reli ilikuwa chini ya ulinzi wa Masinjisa, binamu wa marehemu mume wa Sechelela, mtu mrefu aliyeinama kama ndoana kwa kukaa miaka mingi mbele ya kibao cha waya. Laini ilikuwa moja kwa vijiji vyote. Aliyepiga chafya Mhenhe alitakiwa afya Chinugulu.

"Shemeji," Masinjisa alisema alipokwisha kusikia habari yote, "ulichofanya ni kumvalisha kichaa nguo ya harusi. Sasa kila mtu anataka kumwoa."

"Nimekuja unipe akili, siyo mashairi."

"Waambie ukweli mbele ya waandishi."

"Nani ataniamini? Mwanamke wa darasa la saba anasema chuma hakifanyi kazi, na chuma kiko pale kinang'aa, na visima viko wazi. Wataandika kwamba bibi alikuwapo na alitabasamu."

"Basi wape waone."

Sechelela aliketi kwenye gunia la mtama. Hilo ndilo alilokuwa analikwepa tangu juzi. Ili watu waone, ilibidi kofia iunganishwe, na siku kofia ikiunganishwa visima kumi na vinane havitasikia. Mwezi ulikuwa Oktoba. Siku moja bila maji mwezi wa Oktoba siyo mchezo: kuna wazee, kuna wenye watoto wachanga, kuna ng'ombe. Kamishna angewanyima maji kwa ujinga. Yeye angewanyima kwa kujua. Kati ya hao wawili, yupi mwenye dhambi kubwa?

"Mimi nina robo saa," alisema hatimaye. "Kuanzia mlingoti unapoanza kuimba. Kamishna akigeuka ndani ya robo saa, visima vitasikia na watu watateka. Asipogeuka, wamekosa siku nzima."

"Na wewe utamgeuzaje?"

"Kwa mkono wake mwenyewe."

Kesho yake mchana alipanda tena, mtambo umezimwa, na swichi ya kisu begani: kipande cha shaba chenye springi, kama taya. Aliifunga kwenye kiungo, taya moja kwenye mlingoti wa zamani, nyingine kwenye kofia. Springi iliziachanisha. Halafu akachukua kamba ya plastiki ya bendera ya Kamishna akaipitisha kwenye mkono wa ile swichi. Bendera ikipanda mpaka juu kabisa, kamba ingekaza, taya zingeumana, kofia ingekuwa mlingoti. Bendera ikishuka, springi ingezifungua. Hakuhitaji hata kugusa kitu. Alishuka akiwa na malengelenge mawili na furaha ambayo hakuipenda sana.

Kilichobaki ni maji. Kuwaonya watu kwenye laini ile ilikuwa sawa na kumpigia Kamishna mwenyewe. Lakini Wagogo wana adabu moja ambayo hakuna serikali iliyowahi kuizuia: mgeni akija, maji yanamtangulia. Nyumba inayopokea mgeni bila maji ya kuoga haitajwi vizuri tena, hata kwenye msiba.

"Andikeni," aliwaambia watunza visima vya pembezoni alasiri ile, visima vingali wazi. "Kamishna anaweza kupita kwenu Alhamisi. Msafara wa watu sitini. Watalala, na wanapenda kuoga."

Laini ilijaa miguno. Sitini, jamani. Wanaoga mara ngapi? Haya, tutajaza. Mmoja mmoja waliahidi kujaza mapipa, mitungi, masufuria, mpaka mabeseni ya kanisa. Kumi na saba waliahidi.

"Chinugulu?" aliita Sechelela.

"Nipo," alisema Yaledi.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Kamishna akija aje na maji yake. Mwaka ule Lechipya alipotoka na ndoo, hakuna Kamishna aliyemtekea hata kikombe. Mimi simjazii mtu wa Mamlaka hata kijiko."

"Dada, jaza."

"Kwa nini?"

Pumzi za watu arobaini zilisikika kwenye waya.

"Kwa sababu ni adabu," alisema Sechelela.

"Adabu nilizika," alisema Yaledi, akakata.

Alipiga tena baada ya saa moja. Yaledi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama Kamishna anapenda maji ya moto au ya baridi, na alipoambiwa haijulikani, akasema basi mgeni huyo atakunywa vumbi, na akakata tena.

Masinjisa alichomoa plagi ya laini. "Ahirisha, shemeji."

"Alhamisi ndiyo siku wanayokuja waandishi. Chuma cha ile tisa kinafika Ijumaa." Alisimama, akakung'uta mtama uliomganda kwenye kitenge. "Nitamtia dada yangu kiu mara ya pili kwa robo tatu ileile. Basi, angalau safari hii nimeshika saa."

*

Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mbuga ilikuwa na rangi ya majivu na baridi yake ndogo ya alfajiri. Waandishi wanne walikuwa wamepangwa mstari, na nyuma yao askari wawili wa Kamishna. Watunza visima walikuwa kwenye laini, na Masinjisa alikuwa amefungulia kipaza sauti ili ripoti zisikike hadharani, kama Kamishna mwenyewe alivyoagiza.

Kamishna Mkumbukwa alikuwa mtu safi, mfupi, anayenukia. Bendera yake ilikuwa na nembo ya Mamlaka, na chini ya nembo, kwa herufi zilizokuwa kubwa kuliko nembo, jina lake. Alivuta kamba kwa mikono yote miwili. Bendera ikapanda, ikapanda, ikawa doa, na ilipofika mwisho kamba ikakaza. Akaifunga kwenye nguzo fupi kando ya mlingoti. Matarumbeta yakalia.

Ndani ya kibanda mshale wa kipima umeme uliruka kama aliyechomwa sindano. Sechelela hakuinuka. Godlove aliutazama mshale, akamtazama yeye, akaenda kwenye koili inayolinganisha mtambo na mlingoti, akaizungusha taratibu mpaka mshale ukatulia. Kwa hiyo hakuna ambaye angekuja kusema mtambo ulikuwa mbovu. Huo ulikuwa msaada wake wa kwanza, na aliutoa bila kusema neno, kama kawaida yake.

Kamishna akahutubia kwa mlingoti dakika nne. Alitaja urefu mara saba.

Kipaza sauti kikakohoa. "Hapa Tabora stesheni. Tunamsikia Kamishna huku kama yuko chumbani."

"Tabora," Kamishna aliwageukia waandishi. "Mnaandika? Tabora."

"Tabora wana mlingoti wao," alisema Sechelela mlangoni. "Hawakukuomba."

Saa kumi na mbili kamili wimbo ukaanza. Vijiji vya karibu viliripoti haraka, kimoja baada ya kingine, kimefunguka, kimefunguka, mpaka ishirini na tatu. Halafu laini ikanyamaza. Siku zote ilipofika dakika ya tatu vyote arobaini na kimoja vilikuwa vimesema. Ilifika dakika ya nne.

"Mhenhe?" aliita Masinjisa.

"Bado. Kufuli linalialia tu, kama linataka na halitaki."

"Nkundi?"

"Kimya kabisa huku."

Aliwaita kumi na wanane. Kumi na wanane walijibu bado. Wa mwisho alikuwa wa Chinugulu. "Kimefungwa," alisema Yaledi. "Watu wamepanga foleni toka saa kumi na moja. Mnafanya nini huko?"

Dakika ya sita.

"Mtambo umeharibika," alisema Kamishna.

"Mtambo uko salama," alisema Godlove kwa sauti ndogo. Kila mtu aligeuka, hata yeye mwenyewe alionekana kushangaa.

Sechelela akatoka nje, akasimama kando ya ile nguzo fupi ya kamba, mikono imekunjwa kifuani.

"Wiki mbili kile chuma chako kilikuwa kofia," alisema, si kwa Kamishna, bali kwa waandishi, polepole ili waandike. "Nilitia kauri katikati, mimi, bila ruhusa. Mlingoti uliimba kwa urefu wake wa zamani na visima vikafunguka. Leo asubuhi Mheshimiwa amekiunganisha kwa mkono wake. Hii kamba inakaza swichi pale juu. Bendera yenye jina lake ikiwa juu, mlingoti ni mrefu, na sauti imekwenda Tabora kupitia mbinguni. Bendera ikishuka, visima vinasikia. Zimebaki dakika nane."

"Hii ni hujuma," alisema Kamishna.

"Ndiyo. Dakika nane."

"Askari, mkamateni huyu mama."

"Wanikamate. Lakini kamba imefungwa na wewe, na fundo ni lako."

Kamishna alimgeukia injinia. "Mwasomola. Anasema kweli huyu?"

Godlove alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa chumvi mpaka kwenye kamba, havina cha kuokoa tena. "Kweli, Mheshimiwa. Robo tatu ya wimbi haitambai. Nilikuwa... nilikuwa naandaa ripoti."

"Ulikuwa unaandaa," alisema Sechelela. "Dakika saba."

Kwenye kipaza sauti kulikuwa na kelele sasa. Laini ilikuwa moja, na vijiji vyote vilisikia kila neno. Mtu wa Nkundi aliuliza kama ni kweli jina la mtu limefunga kisima chake. Mwingine akauliza ni jina lenye herufi ngapi, na mbona zinakunywa sana. Kicheko kilipita kwenye waya kutoka kijiji hadi kijiji, kicheko kikavu cha watu waliosimama na ndoo. Kamishna alikisikiliza. Mtu anaweza kuvumilia kuchukiwa na wilaya nzima, na Kamishna alikuwa amezoea. Kuchekwa na wilaya nzima mbele ya kalamu nne lilikuwa jambo jingine.

Alisubiri mpaka dakika tano zilizobaki, na dakika hizo mbili Sechelela hakumsamehe mpaka leo. Halafu akaenda kwenye nguzo. Alikuwa amelifunga fundo kwa nguvu, kwa ajili ya picha, na sasa lilimkatalia. Alilifungua kwa kucha, kisha kwa meno. Bendera ilishuka mita moja, mbili, kumi, jina lake likikunjamana juu ya nembo.

Godlove alikwisha kufika kwenye koili.

"Mhenhe, kimefunguka."

"Nkundi, kimefunguka. Asante jina."

Sechelela alihesabu kwa vidole. Kumi na sita. Kumi na saba. Dakika mbili zimebaki. Dakika moja. Chinugulu ni mbali, na jua lilikuwa limeanza kuchungulia. Kama angekuwa mtu wa kusali angesali. Alikunja kitenge chake mkononi, akakikunjua.

"Chinugulu," alisema Yaledi, taratibu, kama mtu aliyefika kwenye mkutano asioupenda. "Kimefunguka. Nani alikuwa anapiga kelele kwenye simu?"

"Kamishna," alisema Masinjisa.

"Mwambieni maji ya kuoga hayapo."

*

Walimfukuza Sechelela kazi kabla ya chai. Barua ilikuwa na makosa mawili ya tahajia, akayasahihisha kwa kalamu na kumrudishia mleta barua, kisha akamkabidhi Godlove ufunguo. Kuhusu ile milingoti tisa, magazeti yaliandika kwamba Kamishna Mkumbukwa, baada ya jaribio la kisayansi alilolifanya kwa mikono yake mwenyewe, amegundua kuwa urefu wa zamani unatosha. Jaribio halina mhujumu, kwa hiyo hakuna aliyefungwa. Chuma kilirudi kilikotoka. Sechelela aliisoma habari hiyo kwenye behewa akielekea kwa dada yake, akaifungia karanga.

Kutoka stesheni mpaka Chinugulu alitembea. Alifika uso umejaa chumvi, na miguu haitaki habari. Yaledi alikuwa uani anapepeta mtama, hakusimama.

"Mbukwenyi," Sechelela alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Umekuja kuishi au kupita?"

"Sina kazi."

"Nilisikia. Sote tulisikia." Yaledi aliweka ungo chini, akamwonyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Pale, chini ya mabati, ilisimama mitungi kumi na miwili, mapipa mawili, na mabeseni ya kanisa, vyote vimefunikwa, vyote vimejaa mpaka shingoni.

Sechelela aliinua kifuniko kimoja, akakirudisha.

"Ulisema hutajaza."

"Tangu lini wewe unapiga simu mara mbili kwa ajili ya mtu wa Mamlaka?" alisema Yaledi. "Niliposikia tu sauti yako tena nikaenda kuteka, nikawatekesha na wenzangu. Lakini laini ilikuwa na masikio mengi. Haya, kaoge. Unanuka safari."